Datsun Ilijua Kiswahili

Kama umewahi kupita kibanda cha chipsi kilicho nyuma ya maktaba saa mbili usiku, huo mjadala umeshausikia. Mtu anatoa simu, anaonyesha picha mbili. Ya kwanza ni Datsun 240Z, gari la spoti la miaka ya sabini, boneti ndefu, mgongo unateremka taratibu hadi nyuma. Ya pili ni Nissan Z ya sasa, iliyozinduliwa Agosti 2021 na kuchorwa makusudi ifanane na bibi yake. Swali ni moja tu: ipi kali? Hapo chipsi zinapoa. Mmoja anataja spidi, mwingine anataja mlio, na kijana wa mwaka wa kwanza ambaye hata leseni hana anaapa kwa mama yake mzazi kwamba magari mapya hayana roho.

Mimi nasoma ualimu, mwaka wa tatu, Fizikia na Hisabati. Sijawahi kuendesha hata moja kati ya hayo mawili, na kiukweli hakuna hata mmoja pale kibandani aliyewahi. Lakini nimekulia gereji. Mjomba wangu, aliyenilea tangu nina miaka saba, ni fundi magari Morogoro, na ada inayobaki baada ya mkopo inatoka kwenye mikono yake. Kwa hiyo kwangu mjadala ule si wa kusogeza muda. Naona pande zote mbili zinabishania kitu kisicho chenyewe, na naomba niseme la kwangu, hata kama nitaambiwa tena kama nilivyoambiwa wiki ile: "Dada, wewe kula chipsi, haya mambo waachie wanaume."

Tuanze na namba

Kwa namba, ubishi hauna hata sababu ya kuwepo. 240Z ilitoka mwishoni mwa 1969. Injini yake ni ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 2.4, kabureta mbili, na kiwanda kiliitangaza kuwa na nguvu za farasi 151. Nissan Z ya leo ina silinda sita zilizokaa kwa umbo la V, lita 3.0, turbo mbili, nguvu za farasi 400. Tena hiyo 151 yenyewe ina chumvi. Namba ya zamani ilipatikana injini ikipimwa peke yake, imevuliwa vitu vinavyokula nguvu. Siku hizi injini inapimwa ikiwa imevaa kila kitu. Kwa hiyo pengo la kweli ni kubwa kuliko linavyosomeka kwenye karatasi.

Z mpya inatoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde kama nne na nusu. 240Z ilihitaji kama nane au tisa. Z mpya ina breki zinazozuia tairi kujifunga, ina mifuko ya hewa, na ina kompyuta inayoshika tairi moja moja pale gari linapotaka kuteleza. 240Z ilikuwa na diski mbele, ngoma nyuma, na kilichobaki ni wewe na Mungu wako.

Kitu ambacho ya zamani inashinda waziwazi ni wepesi. Ilikuwa na kilo elfu moja na kidogo, wakati ya leo inakaribia 1,600. Nusu tani nzima imeongezeka, na sehemu kubwa ya mzigo huo ni vyuma vya kulinda watu, mifuko ya hewa, turbo, nyaya na kompyuta.

Na hili la usalama sitaki tulipite haraka kwa sababu ya kupenda vya kale. Mjomba ana mbavu mbili zilizounga vibaya. Mwaka 1994 alikuwa anajaribu gari la mteja, gari la zamani lisilo na mikanda, akakwepa mtoto wa shule akagonga mwembe. Usukani ulimwingia kifuani. Hadi leo kukiwa na baridi hawezi kulalia upande wa kushoto. Ukimuuliza anataka mimi nipande gari gani kutoka Dar kurudi nyumbani, hafikirii mara mbili. Wale wanaosifu bodi za zamani kwamba zilikuwa ngumu wanasahau kwamba bodi isiyobonyea inapeleka kishindo chote kwa aliyekaa ndani. Gari la leo linabonyea mbele makusudi ili wewe usibonyee.

Basi kama swali ni ipi kali, jibu ni ile mpya, na tungeweza kufunga mjadala tukale. Lakini hatufungi. Kila wiki unarudi, na kila wiki nusu ya meza inabaki na bibi. Kwa nini?

Ile iliyopita kwetu

Sababu ya kwanza ni kwamba 240Z si mgeni hapa. Mbio za magari za Safari zilianza 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Zilikuwa zinafanyika wakati wa Pasaka, yaani katikati ya masika, maelfu ya kilomita kwenye barabara za udongo. Sasa fikiria gari la spoti, lililolengwa hasa kwa wanunuzi wa Marekani na barabara zao za lami, linaletwa kwenye tope letu.

Mwaka 1971 lilishinda, likiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na msoma ramani wake Hans Schüller. Nafasi ya pili ikachukuliwa na 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta. Mwaka 1973, mwaka wa kwanza kabisa wa ubingwa wa dunia wa rali, Mehta mwenyewe, mzaliwa wa Uganda, alishinda na 240Z akiwa na Lofty Drews. Na alishinda kwa tabu: alilingana pointi za adhabu na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun ya aina nyingine, akapewa ushindi kwa sababu ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa mara ya kwanza.

Wazee waliokuwa vijana miaka ile wanayakumbuka magari hayo kwa sababu waliyasukuma. Gari likizama kwenye tope, wanakijiji walishuka barabarani wakalitoa. Halafu baada ya mbio, barabara zikajaa ndugu maskini wa 240Z: Datsun 120Y za abiria na pikapu za Datsun 1200 zilizobeba kila kitu kuanzia nyanya hadi maiti. Mjomba alijifunza kazi juu ya hizo, kuanzia 1986, akiwa spanaboi wa miaka kumi na sita, analipwa chakula cha mchana na sabuni.

Lakini historia peke yake haitoshi. Kijana wa mwaka wa kwanza pale kibandani hajui hata Mehta ni nani. Kinachomvuta kwa bibi ni kitu kingine, anakiita roho. Mimi nadhani ninakijua, na ili nikieleze itabidi niwafundishe kidogo. Mniwie radhi, ndiyo kazi niliyochagua.

Koili ni ileile

Injini zote mbili zinakunywa petroli, na petroli inahitaji cheche. Betri ya gari ina volti 12. Volti 12 haziwezi kuruka hewani kwenye ncha ya plagi; zinahitajika volti maelfu kwa maelfu. Anayefanya kazi ya kuzipandisha ni koili. Ni waya mbili zilizozungushwa kwenye chuma kimoja, moja mizunguko michache, nyingine mizunguko mingi sana. Ukipitisha mkondo kwenye ile ya kwanza halafu ukaukata ghafla, ile ya pili inazaa volti kubwa kwa kufumba na kufumbua. Michael Faraday alionyesha msingi wa jambo hili mwaka 1831. Sisi tunaufundisha kidato cha nne.

Kwenye 240Z kulikuwa na koili moja inayolisha silinda zote sita. Mkondo ulikatwa na platini, vijichuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana, na distribyuta iligawa cheche kwa zamu. Kwenye Nissan Z kuna koili sita, kila plagi imevaa ya kwake kama kofia, na anayekata mkondo ni kompyuta. Sheria ya Faraday ni ileile, haijabadilishwa hata nukta. Kilichobadilika ni nani anapewa taarifa kitu kikiharibika.

Platini zikichoka, gari la zamani lilikohoa. Lilishtuka mlimani, likatoa mlio wa kupasuka kwenye ekzosi. Fundi alifungua kifuniko kwa kidole, akaona ncha zimeungua, akazisugua kwa msasa, akapima nafasi kwa kipande cha boksi la sigara, akafunga. Moshi mweusi ulimwambia petroli imezidi. Moshi wa bluu, injini inakula oili. Moshi mweupe usiokoma, maji yanaingia ndani. Hakuhitaji cheti kuyasikia hayo. Alihitaji pua, sikio, na mzee wa kumwambia mara ya kwanza, "hii harufu uikumbuke."

Gari la leo likiumwa linawasha taa ndogo ya njano kwenye dashibodi. Basi. Kila kitu kingine linajiambia lenyewe, ndani ya kompyuta, kwa herufi na namba, na tafsiri ya herufi hizo iko kwa Kiingereza.

Ndiyo maana nasema Datsun ilijua Kiswahili. Ilijua pia Kiluguru, Kijaluo na Kiganda. Iliongea na yeyote aliyeinama kuisikiliza. Hiyo ndiyo "roho" ambayo vijana wanaitafuta bila kuijua jina: gari linalokubali kueleweka na mtu wa kawaida.

Taa ya njano

Mwaka jana, likizo ya mwezi wa tisa, nilifika nyumbani nikaenda moja kwa moja gereji kusalimia. Nilizoea kukuta magari manne au matano chini ya mwarobaini na spanaboi wawili wanapigana vijembe. Nikakuta gari moja na mjomba amekaa juu ya tairi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Akiniuliza kama nimekula kabla ya kuniuliza masomo, najua mambo si mazuri. Spanaboi wote wawili walikuwa wameondoka, mmoja anaendesha bodaboda. Kisa nilikipata kidogo kidogo. Miezi miwili nyuma alipokea gari la kisasa linalotetemeka. Akafanya anavyofanya siku zote, akachomoa soketi moja moja injini ikiwa inawaka, asikilize silinda gani haichangii. Kwenye Datsun ulivua waya wa plagi na maisha yakaendelea. Kwenye gari lile kompyuta iliungua. Mwenye gari alitaka kulipwa, na mjomba alilipa. Alilipa kwa pesa ya ada yangu ya muhula. Tangu siku hiyo, gari likija na taa ya njano alikuwa analielekeza gereji ya mjini yenye mashine ya kupimia. Na siku hizi, karibu kila gari linakuja na taa ya njano.

"Gari la zamani likiumwa linakohoa," aliniambia. "Haya mapya ni kama mgonjwa aliyenyamaza. Unamuuliza wapi panauma, anakutazama tu."

Lile gari moja lililokuwepo siku ile lilikuwa la mwalimu mstaafu, mteja wake wa miaka kumi na mbili, ambaye hakutaka kuelekezwa mjini. Lilikuwa linatetemeka likiwa limesimama, na taa imewaka. Mjomba alisikiliza nusu dakika tu akasema, "Silinda moja haichomi. Ipi, na kwa nini, lenyewe linajua."

Kesho yake nilitumia shilingi elfu thelathini ya boom iliyobaki nikanunua kisomeo kidogo, kimekaa kama boksi la kiberiti, kinachounganishwa na simu. Chini ya dashibodi ya karibu magari yote ya leo kuna soketi yenye matundu 16. Marekani iliulazimisha mfumo huu kwa magari mapya madogo yote kuanzia mwaka wa modeli 1996, Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli kuanzia 2001, na umbo la soketi limekuwa hilohilo. Yaani mlango upo, na haujafichwa. Nikachomeka, nikafungua programu kwenye simu. Ikatokea P0301 na sentensi fupi ya Kiingereza.

"Inasemaje?" mjomba akauliza.

"Inasema silinda ya kwanza inakosa moto."

Alicheka hadi akashika mbavu zake mbovu. "Sasa si ingesema!"

Halafu akafanya kitu ambacho programu haikukitaja popote. Alizima injini, akavua koili ya silinda ya kwanza, akaibadilishana na ya silinda ya tatu. Akaniambia nifute ule msimbo, akawasha, tukasubiri. Taa ikarudi. Nikasoma: P0303. Ugonjwa umehamia silinda ya tatu.

"Koili ndiyo imekufa," akasema. "Ingekuwa plagi, ingebaki palepale."

Nilimuuliza amejifunza wapi mbinu hiyo. Akanishangaa. Kwenye 120Y walikuwa wanahamisha waya za plagi namna hiyohiyo, tangu 1986. Kile kisomeo kilijua mahali tu. Sababu aliijua mzee wa darasa la saba aliyefundishwa na gari la zamani. Kilichokosekana katikati yao kilikuwa sentensi moja ya Kiswahili, na kwa kukosekana kwake gereji ilikuwa inakaribia kufungwa.

Spana haikuwa ya kwetu

Ile koili mbovu niliiomba. Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha, niliingia nayo kidato cha nne. Wanafunzi walinitajia maana ya kuzalisha umeme kwa sumaku kwa Kiingereza, kwa pamoja, bila kuvuta pumzi. Nikanyanyua koili nikauliza hiki kinafanya nini. Kimya. Shule ile, kama nyingi, ina kibao getini kinachosema lugha ni Kiingereza tu. Siku hiyo nilikikosea adabu. Nikaeleza kwa Kiswahili: waya mbili, mkondo unakatwa, cheche inaruka. Msichana wa dawati la nyuma, ambaye kwa wiki mbili sikuwahi kusikia sauti yake, akanyoosha kidole: "Madam, kwa hiyo ndiyo hiyo inayorusha shoti kwenye pikipiki ya kaka akishika plagi?"

Ndiyo hiyo. Na sikuwa nimefika ukurasa wa pikipiki.

Najua nitajibiwa nini. Nimeshajibiwa, tena na mwenzangu wa kitivo hikihiki: teknolojia ni Kiingereza, mafundi wajifunze Kiingereza, acheni kulea uvivu. Nina mambo mawili.

La kwanza, tazama hayo maneno tunayoyaita ya gereji. Spana, gia, klachi, breki, plagi, kabureta, boneti. Yote ni ya kigeni. Hakuna fundi aliyepelekwa darasa la Kiingereza ndipo akaruhusiwa kushika klachi. Neno lilikuja na chuma, mkono ukakishika chuma, mdomo ukalizoea neno, likawa letu. Kiswahili hakijawahi kushindwa kumeza gari. Kilichotokea safari hii ni kwamba chuma kimefichwa nyuma ya skrini, mkono hauna pa kushika, kwa hiyo neno linabaki nje. Tukilileta neno, mkono utafuata.

La pili, kilio cha gari lisilotaka kueleweka si cha maskini wa Afrika peke yao. Jimbo la Massachusetts huko Marekani, mahali ambapo kila fundi anazungumza Kiingereza, wananchi walipiga kura mwaka 2012 kutaka viwanda vya magari viwape wenye magari na gereji huru taarifa za kutengenezea. Mwaka 2020 wakapiga kura tena, kwa sababu magari yalikuwa yameanza kutuma taarifa zake kwa mtandao moja kwa moja hadi kiwandani. Kama wao wenye lugha wanadai ufunguo, sisi tusio na hata tafsiri tunasubiri nini?

Sisemi kisomeo cha elfu thelathini kinafungua kila kitu. Kuna magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani ambayo vifaa vya bei nafuu haviyasomi vizuri. Kuna sehemu ambazo ukibadilisha spea, gari halitaikubali hadi programu ya kiwanda iitambulishe. Hapo mjomba bado anakwama, na mimi nakwama naye. Nissan Z yenye kompyuta zake ikiletwa leo chini ya mwarobaini, hatutaimaliza. Lakini koili zake sita zitatuambia zikiumwa, kwa msimbo huohuo wa P03 na kitu, kwa sababu msimbo huo ni wa magari yote yanayofuata mfumo ule. Huo ni mwanzo mzuri kuliko kukaa juu ya tairi.

Kwa hiyo kwa wenzangu wa kibandani, msimamo wangu ni huu. Mnaopenda 240Z, ipendeni, ila msiitumie kujifariji. Miaka ile hairudi, na mbavu za mjomba zinanikumbusha kwa nini nisiitamani irudi. Mnaopenda Nissan Z, ipendeni pia, ila msijisifie farasi 400 za gari ambalo likiwasha taa mtalitazama kama tunavyotazama matokeo kwenye ubao, kwa kuomba tu. Lile bora kwetu litakuwa lile jipya, siku tutakapoweza kuliuliza linaumwa nini na kuelewa jibu.

Na hiyo siku haitaletwa na Nissan. Ni kazi yetu. Chuo hiki kina watu wa uhandisi wanaojua sensa, kina watu wa Kiswahili wanaotafuta mada za tafiti hadi wanarudia za wenzao, na kina sisi wa ualimu, ambao kila mwaka tunapelekwa mamia kwa mamia kwenye shule zilizo jirani na gereji. Hatuhitaji mradi wa mabilioni kuandika misimbo ya kawaida kwa Kiswahili pamoja na maelezo ya fundi chini yake.

Mimi na mjomba tumeshaanza. Tuna daftari la kurasa 96. Mimi naandika msimbo na tafsiri, yeye anasema cha kuangalia, nami naandika anavyosema. P0301: silinda ya kwanza inakosa moto, hamisha koili kwanza, usikimbilie kununua. P0171: hewa nyingi, petroli kidogo, tafuta mpira wa hewa uliopasuka, safisha sensa ya hewa, ndipo ufikirie pampu. Tumefika misimbo thelathini na moja. Spanaboi mmoja amerudi, yule wa bodaboda, na ameinakili yote kwenye daftari lake kwa mwandiko mbaya kuliko wangu.

Serikali ya wanafunzi ikitusaidia kuchapa nakala mia moja za karatasi mbili mbili, zinaweza kubandikwa kwenye kuta za gereji kabla ya likizo ijayo. Na wewe wa uhandisi unayesoma hapa ukinicheka kwamba nimeeleza distribyuta kwa juu juu, ni kweli, nimeeleza kwa juu juu. Njoo unisahihishe. Likizo tutakuwa pale chini ya mwarobaini kuanzia saa mbili asubuhi. Vaa nguo za kuchafuka.